Muğla ya Uturuki ina zaidi ya fukwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nitoe maoni kuhusu namna magazeti yetu ya Kiswahili yanavyoandika habari za utalii wa Uturuki, na hasa za mkoa wa Muğla ulioko kusini-magharibi mwa nchi hiyo, pale Bahari ya Aegea inapokutana na Mediterania. Makala hizo zimeongezeka tangu safari za ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na Nairobi kwenda Istanbul zilipozoeleka, na tangu wafanyabiashara wa Kariakoo walipoufanya mji huo kuwa soko lao la nguo. Karibu zote zina picha zilezile: ghuba ya Ölüdeniz na maji yake ya buluu, watu wanaoruka kwa miavuli kutoka mlima Babadağ, na mabwawa ya kuogelea ya hoteli za Bodrum na Marmaris. Sina ugomvi na picha hizo, kwa kuwa mahali penyewe ni pazuri kweli. Ninacholalamikia ni kwamba msomaji akimaliza kusoma anabaki akidhani mkoa ule umejaaliwa bahari na jua, basi, ilhali vitu vyake vya thamani zaidi vimegunduliwa au vimeokolewa na watu wa kawaida wa pwani ile, na baadhi ya vitu hivyo vinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu kuliko tunavyoambiwa.

Nianze na hili la kutuhusu. Ndani ya ngome ya Bodrum, iliyojengwa na watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane kuanzia mwanzoni mwa karne ya 15, kuna Makumbusho ya Akiolojia ya Chini ya Maji. Humo umewekwa mfano wa jahazi la kale kwa ukubwa wake halisi, likiwa limekatwa ubavu ili mtazamaji aone shehena ilivyopangwa tumboni, na karibu yake vimewekwa vitu vyenyewe vilivyotolewa baharini kwenye rasi ya Uluburun, jirani na mji wa Kaş katika mkoa wa Antalya unaopakana na Muğla. Jahazi hilo, lenye urefu wa meta 15 hivi, lilizama mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo. Miongoni mwa vitu vyake kuna magogo mafupi meusi ambayo mgeni huyapita bila kuyatazama mara ya pili, kwa sababu hatua chache kutoka hapo kuna dhahabu. Magogo hayo ni mpingo. Wataalamu walipouchunguza ubao wake waliutambua kuwa ni Dalbergia melanoxylon, mti uleule ambao Wamakonde wanauchonga vinyago na ambao unavunwa katika misitu ya Kilwa na kupelekwa ng'ambo kutengenezewa zumari na klarineti.

Sidai kwamba magogo yale yalikatwa kwetu. Mpingo unaota katika ukanda mpana wa Afrika, kuanzia Senegal hadi Eritrea na kushuka hadi kusini mwa bara, na njia iliyo rahisi kuikubali ni kwamba yalipitia Misri yakitokea nchi zilizo kusini yake. Hata hivyo, pamoja nayo zilikuwamo pembe za ndovu, meno ya viboko zaidi ya kumi na maganda ya mayai ya mbuni, na bidhaa za aina hiyo yeyote aliyewahi kusoma historia ya biashara ya pwani yetu atazitambua mara moja. Nimefundisha historia katika shule za sekondari hapa Lindi kwa miaka mingi, na katika muda wote huo sikuwahi kuona kitabu cha kiada kinachomwambia mwanafunzi kwamba mti anaoupita akienda shambani umelala katika makumbusho ya Bodrum ukiwa na umri wa miaka zaidi ya 3,300. Ningetarajia magazeti yawe yamelisema hilo kabla ya vitabu.

Shehena iliyobaki nayo inastahili kuelezwa, maana inaonyesha bahari ile ilivyokuwa ikifanya kazi. Kulikuwa na mikuo ya shaba, yaani vipande vya madini vilivyokwisha kuyeyushwa na kumiminwa, ya tani 10 hivi, na bati la tani moja, yaani kile kipimo cha kumi kwa moja ambacho mafundi wa enzi hizo walikitumia kuyeyusha shaba ngumu ya panga na mikuki. Kulikuwa na mitungi iliyojaa utomvu wenye kunukia, vipande vya kioo ghafi vya rangi ya buluu visivyopungua 170, hirizi ya dhahabu yenye umbo la dundu iliyochongwa jina la Malkia Nefertiti wa Misri, na kibao kidogo cha kuandikia kinachokunjwa kama kitabu, chenye bawaba ya pembe ya ndovu, ambacho ndani yake ilikuwa ikipakwa nta ya kuandikia. Nta imekwisha na maandishi yamekwenda nayo. Mbele ya kibao hicho nilisimama muda mrefu kuliko mbele ya dhahabu, nikiwaza orodha ya mali au deni la nani lilikuwa limeandikwa pale.

Sasa, Ndugu Mhariri, swali ambalo makala za kitalii hazijiulizi ni nani aliliona jahazi hilo. Halikuonwa na profesa. Mwaka 1982 kijana mpiga mbizi wa Bodrum aitwaye Mehmet Çakır, ambaye kazi yake ilikuwa kuvuna sifongo za baharini, alipanda juu na kumweleza nahodha wake kwamba kule chini ameona biskuti za chuma zenye masikio. Nahodha alielewa mara moja, kwa sababu wanaakiolojia wa baharini walikuwa wamezunguka kwa miaka katika vijiji vya wavuna sifongo, wakiwaonyesha picha na michoro ya mikuo ya shaba ya kale na kuwaomba watoe taarifa wakiiona. Mikuo hiyo ina pembe nne zilizochomoza, na kwa kweli ukiitazama utaona masikio.

Wavuna sifongo wa Bodrum walikuwa maskini, na kazi yao iliwaua na kuwalemaza wengi. Mpiga mbizi alivalishwa suti nzito na kofia ya chuma, akashushwa huku akisukumiwa hewa kwa mpira kutoka kwenye mashua, akakaa chini muda mrefu kuliko mwili unavyoweza kuvumilia. Hewa ya naitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake ilipokosa muda wa kutoka taratibu, ilifanya mapovu wakati wa kupanda, na mtu akafika juu akiwa amepooza miguu, au asifike akiwa hai. Watu hao ndio waliokuwa na ramani ya bahari vichwani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani Peter Throckmorton alikaa Bodrum akiwasikiliza, na nahodha Kemal Aras akamweleza juu ya shaba kuukuu iliyolala kwenye rasi ya Gelidonya. Kutokana na mazungumzo hayo, mwaka 1960 timu ya mwanaakiolojia George Bass ilichimba mabaki ya meli ya kale ya Gelidonya kwa kufuata kanuni zote za akiolojia palepale chini ya bahari, na wanaakiolojia wenyewe wakipiga mbizi, jambo lililokuwa geni wakati huo. Makumbusho ya Bodrum yalianzishwa katika miaka ileile ya mwanzo wa 1960, na mengi ya mabaki yaliyoyajaza yalioneshwa kwanza na wavuna sifongo.

Uluburun penyewe palichimbwa kuanzia 1984 hadi 1994, kwanza chini ya Bass na baadaye chini ya Cemal Pulak, kwa mbizi 22,413. Kina kilikuwa meta 44 hadi zaidi ya 50, hivyo mtu mmoja aliweza kufanya kazi chini kwa dakika 20 tu kila alipozama, mara mbili kwa siku. Naitaja hesabu hiyo kwa makusudi, kwa sababu mgeni anayelipa kiingilio cha makumbusho hayo analipia kazi ya aina hiyo, na ni haki aijue.

Mabaki mengine yaliyomo humo yalitolewa katika maji ya Muğla kwenyewe. Katika ghuba ndogo ya Serçe Limanı, karibu na Marmaris, ilizama meli ya karne ya 11, yapata mwaka 1025, ikiwa na tani tatu hivi za kioo. Sehemu kubwa ilikuwa vigae vya kioo kilichovunjika ambavyo vilikuwa vikipelekwa kuyeyushwa upya, na wanaakiolojia walitumia miaka mingi wakivipanga kimoja kimoja kwa rangi, unene na umbo mpaka bilauri, chupa na mabakuli yakasimama tena. Meli hiyo ilikuwa ikisafiri kati ya nchi za Kiislamu za dola ya Fatimiya na nchi za Kikristo za Bizanti, katika zama ambazo vitabu vyetu vinazieleza kwa vita tu. Ndani yake walikuta hadi kete za sataranji.

Juu ya nchi kavu, kivutio kinachotajwa zaidi ni kaburi lililoko Bodrum, mji ulioitwa Halikarnas zamani, la Mausolus, mtawala wa Karia, jina la kale la eneo hili, aliyefariki mwaka 353 kabla ya Kristo, lililokamilishwa baada ya kifo chake na kuhesabiwa miongoni mwa Maajabu Saba ya Dunia ya kale. Aliyelisimamia ni Artemisia, aliyekuwa dada yake na pia mkewe, na wasomaji wasimchanganye na Artemisia mwingine wa mji huohuo aliyeongoza merikebu zake katika vita vya Salamis mwaka 480 kabla ya Kristo, ambaye habari zake tumezipata kwa mwanahistoria Herodotus, naye mzaliwa wa hapohapo. Jengo lilikuwa na kimo cha meta 45 hivi. Leo ukienda utakuta shimo lenye misingi, nguzo zilizovunjika na nyasi, kwa sababu matetemeko ya ardhi yaliliangusha, na wale watawa wapiganaji wakayachukua mawe yake kujengea ngome na kuchoma marumaru yake kuwa chokaa. Kilichosalia cha kuvutia, yaani sanamu na michongo ya ukutani, kilipelekwa London katika miaka ya 1850 na Charles Newton, pamoja na simba mkubwa wa marumaru aliyechukuliwa Knidos, kwenye ncha ya rasi ya Datça.

Bodrum husimuliwa kwamba mwandishi Cevat Şakir Kabaağaçlı, ambaye serikali ilimpeleka huko uhamishoni mwaka 1925 na yeye akaupenda mji hata akajiita Mvuvi wa Halikarnas, aliwaandikia Waingereza kwamba sanamu zile ziliumbwa kukaa chini ya anga ya buluu ya Bodrum, akajibiwa kwamba wameshukuru kwa kukumbushwa na wamekipaka chumba rangi ya buluu. Iwe ilitokea hivyo au ni utani wa watu wa pwani, sisi wa Lindi hatuhitaji kufafanuliwa uchungu wake. Mifupa ya mijusi mikubwa ya kale iliyochimbwa Tendaguru na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikibebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini, imesimamishwa Berlin mpaka leo. Huyo Cevat Şakir ndiye pia aliyeanzisha, pamoja na rafiki zake, desturi ya kuzunguka ghuba za Muğla kwa mashua za mbao za wavuna sifongo, na safari hizo ndizo zilizozaa biashara kubwa ya mashua za kitalii za siku hizi. Aliyezipanda wakati ule alilala sitahani na kula samaki na mkate. Wa leo analala katika chumba chenye kiyoyozi.

Nikihama Bodrum na kwenda mashariki nafika Dalyan, na hapa nakiri upendeleo wangu, kwa kuwa katika mkoa mzima sikuona mahali panapokusanya mambo mengi katika eneo dogo hivi. Mashua zinateremka mto kati ya matete marefu kuliko mtu, na ukiinua macho unaona makaburi ya karne ya 4 kabla ya Kristo yaliyochongwa kwenye uso wa jabali kwa umbo la mahekalu, yenye nguzo na mapaa, juu mahali ambapo mbuzi tu angefika. Nyuma yake ni magofu ya Kaunos, mji uliokuwa bandari hadi mto ulipoijaza tope na kuisukuma bahari mbali. Mwanajiografia wa kale Strabo anasimulia kwamba watu wa Kaunos walikuwa na sura zilizopauka kwa maradhi ya majira ya joto, na kwamba mwanamuziki mmoja mwenye ulimi mkali alipolaumiwa kwa kuusema vibaya mji huo alijitetea kwamba hawezi kuthubutu kuuita mji wa wagonjwa mahali ambapo hata maiti wanatembea. Strabo alidhani chanzo ni joto na wingi wa matunda. Sisi tunaoishi kando ya mabwawa tutakisia mbu na malaria, na wataalamu wengi wa leo wanakisia hivyo hivyo.

Mto huo unamwaga maji yake kwenye ufuo wa İztuzu, ulimi wa mchanga wa kilometa nne na nusu hivi ambako kasa wa jamii ya Caretta caretta hupanda kutaga kuanzia mwezi wa Mei. Kasa jike huchimba shimo usiku, hutaga mayai kama mia moja, hulifukia na kurudi baharini, na joto la mchanga ndilo linaloamua kama watakaoanguliwa watakuwa wa kike au wa kiume. Vifaranga wakitoka hufuata mwanga, ambao kwa maumbile ni mng'ao wa bahari usiku, hivyo taa moja ya hoteli inatosha kuwapeleka barabarani. Katika miaka ya 1980 ujenzi wa hoteli kubwa ulikuwa umekwisha kuanza pale. Aliyekuwa mstari wa mbele kuupinga ni mwanamke Mwingereza, June Haimoff, aliyekuwa akiishi katika kibanda cha mbao ufukweni hapohapo na ambaye wenyeji walimwita Nahodha June. Aliungwa mkono na watu wa hifadhi wa ndani na nje ya Uturuki, mradi ukasimamishwa, na mwaka 1988 eneo la Köyceğiz na Dalyan likatangazwa kuwa eneo maalumu la hifadhi ya mazingira. Alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 99. Hadi leo ufuo unafungwa kwa watu wakati wa usiku katika msimu wa kutaga, na hapohapo kuna kituo cha Chuo Kikuu cha Pamukkale kinachotibu kasa waliokatwa na pangaboi za mashua au kunaswa na nyavu na ndoano. Wapo waliosema wakati ule kwamba kijiji kinanyimwa maendeleo. Dalyan ya leo inakula kwa mashua, nyumba za wageni na kasa haohao.

Kando ya ziwa Köyceğiz kuna jambo jingine ambalo sijaliona likiandikwa kwa Kiswahili, nalo ni misitu ya mti unaoitwa sığla. Mti huo hauoti wenyewe popote duniani isipokuwa kusini-magharibi mwa Uturuki, zaidi ya yote katika mkoa huu, na katika kisiwa cha Rhodes kilicho ng'ambo. Wagemaji hukwangua gome la shina wakati wa joto, mti ukajibu jeraha kwa kutoa utomvu, kisha magome yenye utomvu yakachemshwa katika masufuria makubwa na kukamuliwa. Kinachotoka ni mafuta mazito ya rangi ya kijivu yanayotumika katika manukato na dawa za ngozi, na makapi yake hukaushwa yakawa buhuri ya kufukizia. Wenzetu wa Unguja na Mombasa, wenye vyetezo nyumbani, wangeitambua harufu hiyo kabla ya kuelezwa. Misitu hii imepungua sana katika karne iliyopita kwa kupisha mashamba na bustani za machungwa, na iliyosalia ni vipande vipande.

Kuna pia magofu yasiyo ya kale, ambayo pengine ndiyo yanayosema zaidi. Kayaköy, karibu na Fethiye, ni mji wa nyumba za mawe mamia kadhaa zisizo na mapaa, zilizopangwa mlimani kwa namna ambayo nyumba moja haimkingi jirani mwanga. Wakazi wake walikuwa Wakristo wa Kigiriki. Katika mabadilishano ya watu yaliyokubaliwa na Uturuki na Ugiriki mwaka 1923, walihamishiwa Ugiriki, na Waislamu walioletwa kutoka huko hawakukaa milimani pale kwa wingi, maana walikuwa wakulima wa ardhi tambarare. Tetemeko la mwaka 1957 lilimalizia kuubomoa mji.

Mabadilishano hayohayo yaliwahamisha pia Waafrika, na hapa narudi kwa wasomaji wa Kenya. Katika pwani ya Aegea, Muğla ikiwamo, hasa sehemu za Dalaman, Ortaca na Köyceğiz, wapo Waturuki weusi ambao wazee wao waliletwa wakiwa watumwa au vibarua wa mashamba. Aliyewapa sauti ni fundi marumaru wa mji wa Ayvalık, kaskazini zaidi, Mustafa Olpak, ambaye wazazi wa ukoo wake walitekwa Kenya, wakauzwa Krete, kisha wakahamishiwa Uturuki pamoja na Waislamu wengine wa kisiwa hicho. Alichapisha kitabu cha historia ya familia yake mwaka 2005, akaanzisha chama cha Waafrika wa Uturuki mwaka uliofuata, na chama hicho kikafufua sikukuu ya zamani ya ndama ambayo wazee wao walikuwa wakiisherehekea Izmir na vitongoji vyake. Msafiri wetu anayepita Dalaman, ambako kuna mojawapo ya viwanja viwili vya ndege vya mkoa, akimwona mzee mwenye sura ya Mijikenda anayezungumza Kituruki kitupu, asishangae wala asimdhanie mgeni mwenzake.

Nisingependa barua hii isomeke kama sifa tupu, kwa sababu mkoa huo una majeraha. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2021 moto uliteketeza misitu ya misonobari ya Marmaris, Köyceğiz, Bodrum na Milas, ukafika hadi kwenye kituo cha umeme cha Kemerköy kinachotumia makaa ya mawe, watu wakahamishwa kwa mashua kutoka ufukweni. Pamoja na miti iliungua riziki ya wafugaji nyuki. Asali ya misonobari haitokani na maua: kuna mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa msonobari na kutoa tone tamu kwenye gome, na nyuki wanakusanya tone hilo, hivyo wafugaji wa Uturuki nzima husafirisha mizinga yao kwenda Muğla kila mwisho wa kiangazi. Msitu ukiungua, mdudu anatoweka na huchukua miaka mingi kurudi. Miaka miwili baadaye, Julai 2023, miti ya msitu wa Akbelen huko Milas ilikatwa chini ya ulinzi wa askari ili kupanua mgodi wa makaa hayohayo, ingawa wanakijiji wa İkizköy, wengi wao wakiwa akina mama, walikuwa wameulinda kwa zamu kwa muda wa miaka miwili. İztuzu wananchi walishinda, Akbelen walishindwa, na serikali ni ya nchi ileile. Mwandishi wa habari za utalii anayetaja la kwanza na kunyamaza juu ya la pili anawauzia wasomaji tangazo.

Ninachoomba si kikubwa. Gazeti lako lina matangazo ya mawakala wa safari kila wiki, na kifurushi cha Uturuki kinachotangazwa humo ni siku za Istanbul na siku za hoteli ya Bodrum. Mhariri wa ukurasa wa utalii angeweza kuwauliza mawakala hao kwa nini ngome ya Bodrum, iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hoteli nyingi za mjini, haimo katika ratiba, na kwa nini hakuna siku ya Dalyan. Wanafunzi wetu walio katika vyuo vya Uturuki ni wengi na wanaijua lugha. Mmoja wao akipewa nafasi ya ukurasa mmoja anaweza kutuandikia kutoka Köyceğiz kwenyewe, badala ya makala zinazotafsiriwa kutoka katika vipeperushi vya hoteli. Anayepanga kwenda namshauri achague Mei au mwishoni mwa Septemba, maana Julai na Agosti jua linapiga kwenye magofu yasiyo na kivuli na bei hupanda. Na avae viatu vya kufunga, kwa kuwa njia ya kupanda Kaunos ni ya mawe.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Lindi.